Safari: neno lililoondoka kwa miguu

Jioni moja mjini Arusha nilikaa meza moja na mama wa Kiingereza aliyekuwa ametua uwanja wa Kilimanjaro saa chache kabla. Nikamwambia kama tunavyoambiana: "Pole na safari, mama." Kijana aliyekuwa akimwongoza akamfasiria. Yule mama akatabasamu, akajibu kwamba safari yake bado haijaanza. Itaanza kesho asubuhi, Tarangire. Alikuwa amebadilisha ndege mara mbili, usiku kucha hakulala, na miguu ilikuwa imemvimba hata viatu amevivua chini ya meza. Kwetu sisi huyo ni mtu aliyetoka safari. Kwake yeye, alikuwa amefika tu mahali safari zinapoanzia.

Hakukosea. Kamusi za Kiingereza ziko upande wake: safari ni kwenda kuwinda wanyama wa porini au kuwatazama, hasa Afrika Mashariki. Mtu anayetoka London kwenda Manchester kumzika mjomba wake hawezi kulitumia neno hilo, wenzake watamshangaa. Ni neno wanalolitumia sana, hata watoto wao wadogo wanalijua, na wamelitoa kwetu. Lilikuwaje basi likaenda kwao likiwa pana namna ile, likaishia kuwa jembamba hivi? Swali hilo nimelifuatilia kwa muda mrefu, na karibu kila nilikopita nimewakuta watu walewale: wapagazi.

Neno la chombo na la sala

Sisi wenyewe tulilipokea. Asili yake ni Kiarabu, safar, nalo limetembea kuliko wasafiri wengi. Waajemi wanalo, Wahindi wanalo, Waturuki wanalo. Mturuki akitaka kusema "mara hii" husema bu sefer, sawasawa na Mswahili anaposema "safari hii hatudanganyiki." Lugha mbili zisizo na undugu wowote zilikopa neno moja, kila moja kwa wakati wake, kisha zote mbili zikalifanya kipimo cha mara. Ukilifikiri vizuri, jambo lenyewe lina mantiki: anayehesabu miaka yake kwa kwenda na kurudi, safari moja kwake ni mara moja.

Na pwani yetu ilihesabu hivyo. Kaskazi ikivuma, majahazi yaliingia kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, yakarudi. Pepo ndizo zilizopanga lini mtu anaondoka na lini mkewe amtazamie. Msikitini nako neno lilikuwa na uzito wake. Msafiri huruhusiwa kupunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili, na huruhusiwa kufungua mwezi wa Ramadhani akailipa siku baadaye. Sharia inaangalia umbali aliokwenda. Haiulizi atakachokiona huko. Ndiyo maana methali zetu za safari zinazungumzia dhiki. "Msafiri masikini ajapokuwa sultani," walisema wazee, wakiwa na maana kwamba ugenini kila mtu hupungukiwa.

Njia ya Unyamwezi, 1800–1880

Karne ya 19 ilipoanza, neno likaacha maji likashika nchi kavu. Sababu kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Wamarekani na Wazungu walizitaka kwa vibao vya piano, mipira ya biliadi na vishikio vya visu, na mahitaji yao yalizidi kupanda. Seyyid Said wa Oman alipoyahamishia makao yake Unguja, kati ya miaka ya 1832 na 1840, mji ule ukawa ghala la biashara hiyo. Marekani ilifunga naye mkataba mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikaleta shehena za kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita kwa jina la kwao: marekani.

Pembe zilikuwa bara, kitambaa kilikuwa pwani, na katikati kulikuwa na ndorobo. Mbung'o hawakuruhusu farasi, ng'ombe wala punda kudumu. Gurudumu halikuwa na barabara. Kilichobaki ni bega la mtu.

Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo, nao hawakufundishwa na mfanyabiashara yeyote wa pwani. Walikuwa wakitembeza chumvi na majembe bara, na wakishuka pwani na pembe zao wenyewe, kabla misafara ya Waarabu na Waswahili haijazoea njia ya Tabora. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika baharini alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira wa nguo, na waliijua thamani yake: wakipunjwa, walitua mizigo, wakaketi. Lakini njia hiyohiyo ilipita pia misafara ya watu waliofungwa minyororo wakisukumwa kwenda pwani kuuzwa, wengine wakiwa wamebebeshwa pembe juu ya utumwa wao. Jina la Bagamoyo linaelezwa kwa namna mbili kwa sababu hiyo. Wako wanaosema ni kubwaga moyo kwa raha, mzigo umefika; wako wanaosema ni moyo unaobwagwa kwa kukata tamaa. Watu wa aina zote mbili waliingia mjini mle, pengine siku moja.

Hebu tuusogelee msafara mmoja. Mbele anakwenda kirangozi, amevaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Unguja inapepea mbele ya watu. Nyuma yake wanafuata wabeba pembe, na hao ndio wakubwa wa mstari. Pembe kubwa hulazwa begani, na kwenye ncha yake hufungwa kengele ya ng'ombe, kiasi kwamba msafara unasikika kabla haujaonekana. Pembe inayomshinda mtu mmoja hufungwa kwenye mti, wakaichukua wawili kwa mzegazega. Kisha wanakuja wabeba nguo, zilizoviringwa kwa nguvu mpaka zikawa ngumu kama gogo, na wabeba shanga, na wabeba nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida ni frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake kuna mkeka wa mpagazi, chungu chake na chakula chake. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Walitembea miezi miwili au mitatu, na zaidi mvua ilipokatiza njia. Kila siku mtu alipimiwa posho yake, kibaba kimoja cha nafaka.

Watu hao wote kwa pamoja, kengele na bendera na moshi wa jioni kambini, ndio walioitwa safari. Neno lilikuwa limeongeza maana: mbali ya mwendo, lilitaja pia kundi linalokwenda. Siku hizi kwa maana hiyo tunasema msafara.

Waliobebwa wanaandika, 1857–1876

Mwezi Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani kwa njia hiyo kutafuta maziwa makuu. Februari 1858 walifika Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika, ingawa Speke alikuwa amepofuka kiasi na Burton miguu ilikuwa imemkatalia. Sehemu ndefu ya njia Burton aliipita akiwa kwenye machila, mabegani mwa watu. Aliporudi kwao aliandika sana, na katika maandishi yake ya 1859 na 1860 neno safari likaingia kwenye maandiko ya Kiingereza, kwa maana ileile aliyoisikia: msafara wa watu na mizigo. Alikuwa na sikio kali la lugha, na hapo hakulipotosha neno hata kidogo. Lakini naona si jambo dogo kwamba aliyelivusha bahari alilisikiliza akiwa amelala, anabebwa.

Katika safari ile alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa hadi Bara Hindi, akapata uhuru wake, akarudi Afrika. Huyu alifuatana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley mwaka 1871, kisha Cameron aliyevuka bara zima kutoka Bagamoyo hadi Atlantiki. Kila mmoja wa hao alitoa kitabu. Bombay alipata nishani na, mwaka 1876, kiinua mgongo kutoka Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Kitabu hakuandika.

Ipo safari moja ya miaka hiyo ambayo ningependa kila mtoto wa shule aijue kwa jina hilo la safari. David Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika pale wakarudi makwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walimtoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Uamuzi ulikuwa wao, na njia waliichagua wenyewe.

Maktaba begani, 1896–1910

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ukingoni mwa Ziwa Viktoria 1901. Mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Kwa biashara, msafara mrefu wa kutoka pwani ulikuwa umekufa, na ungetazamia neno lake life nao katika Kiingereza, kama yalivyokufa maneno mengi ya kazi zilizokwisha.

Likaokolewa na bunduki. Matajiri wa Ulaya na Marekani sasa waliweza kupanda treni hadi Nairobi, wakakuta makampuni yaliyo tayari kuwapa mahema, mpishi, mwindaji wa Kizungu wa kuwaongoza na wapagazi kadiri ya fedha zao. Mpangilio ulikuwa uleule wa njia ya Tabora: kambi, posho, nyapara, mstari wa mizigo. Kilichogeuka ni sababu ya kutembea. Zamani watu walikwenda ili mzigo ufike. Sasa mzigo ulikwenda ili mtu mmoja apate kulenga.

Aliyelifanya neno likae midomoni mwa dunia ni Theodore Roosevelt. Alitoka kwenye urais wa Marekani Machi 1909, na tarehe 21 Aprili alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Alikuwa akikusanya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington, na vilivyopelekwa vilizidi 11,000, kuanzia panya hadi ndovu. Yeye na mwanawe peke yao waliua wanyama 512. Magazeti yalimfuata kila hatua, makala zake zilisomwa na umma, na kitabu chake cha 1910 kimejaa neno safari karibu kila sura. Baada ya hapo Mmarekani wa kawaida hakuhitaji kuelezwa maana yake. Maana yake ilikuwa Roosevelt na simba.

Wapagazi wake walizidi mia mbili. Walibeba tani nne za chumvi ya kutibia ngozi za wanyama. Walibeba pia vitabu. Roosevelt alikuwa msomaji wa kweli, na jambo hilo namheshimu nalo. Alichagua vitabu takribani sitini, Homer na Shakespeare na Biblia miongoni mwao, akavijalidi kwa ngozi ya nguruwe visiharibike kwa jasho na damu, akavitia kwenye sanduku la alumini. Ameorodhesha majina yake kimoja kimoja. Akaeleza kwamba sanduku zima lilitosha kuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Kila kitabu kimetajwa jina, na aliyevibeba ametajwa kama kipimo cha uzito.

Kwangu hapo ndipo neno lilipogeuka. Burton aliposema safari alimaanisha wale watu. Wasomaji wa Roosevelt waliposema safari walimaanisha Roosevelt.

Kariakoo, 1914–1918

Kisha ikaja vita, na Waingereza na Wajerumani wakapigana katika nchi ambayo mbung'o walikuwa bado wanaimiliki. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kubeba risasi, unga na majeruhi, wengi kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, nimonia, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam, iliyotekwa mwaka 1916, mahali walipokusanywa pakaitwa Kariakoo. Nairobi pakaitwa Kariokor.

Kwa hiyo mabadilishano yalikuwa haya. Sisi tuliwapa Waingereza neno safari, na wao wakatupa Kariakoo. Leo mtu anayeshuka Kariakoo kununua vitenge au simu anakanyaga ukumbusho wa wapagazi bila kujua. Nairobi, katika sanamu ya ukumbusho iliyopo barabara ya Kenyatta, mmoja wa wale watatu waliosimama ni mbeba mizigo. Nami nasema ukweli: katika miaka ile minne lile kundi la watu na mizigo lilitembea kwa wingi kuliko wakati wowote, na Kiingereza hakikuliita safari. Neno lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye starehe.

Kutoka bunduki hadi kompyuta

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Gari lilichukua nafasi ya bega kuanzia miaka ya 1920. Ernest Hemingway alikuja kuwinda mwaka 1933, akiongozwa na Philip Percival, mmoja wa waliokuwa na Roosevelt, na vitabu vyake vikalipa neno harufu ya whisky na baruti. Kabla ya hapo mwindaji Denys Finch Hatton alikuwa amekwisha kuwashawishi wateja wabebe kamera badala ya bunduki, na hatimaye upande wake ndio ulioshinda: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hapo safari ya Kiingereza ikawa zaidi kuangalia.

Ikishakuwa kuangalia, inaweza kufanyika popote. Mwaka 1966 simba waliwekwa kwenye viwanja vya jumba la kifahari la Longleat, Uingereza, watu wakawapitia na magari yao, na mahali pakaitwa bustani ya safari. Yakaja mashati ya safari na suti za safari. Suti hiyo ilipotufikia tuliivua jina tukaiita Kaunda, kwa heshima ya rais wa Zambia aliyeipenda. Waingereza wana hata karamu ya safari, ambapo wageni hula supu nyumba hii, nyama nyumba ya pili, na vitamutamu nyumba ya tatu. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ikaipa jina hilo programu yake ya kutembelea kurasa za intaneti. Siafu nao, ambao wana jina lao zuri, Kiingereza kinawaita chungu wa safari, kwa kuwa wanakwenda kwa mstari. Katika matumizi yote ya Kiingereza niyajuayo, hilo ndilo linalokumbuka sura ya msafara wa Tabora: wengi, kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake.

Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth nayo yaliitwa Safari, na hayo yalirudi karibu na maana ya kwetu. Joginder Singh na Shekhar Mehta walishinda kwa kuvumilia tope, vumbi na maelfu ya kilomita. Wanyama hawakuhusika.

Huku nyumbani

Kiswahili hakikufuata huko. Mwishoni mwa karne ya 19 Salim bin Abakari alikwenda na bwana mmoja wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia, akaandika habari zake kwa Kiswahili, na Carl Velten akazichapisha mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Siberia nayo ni safari, kwa nini isiwe? Leo bado tuna safari ya kikazi, safari ya matibabu, safari ya mwisho. Maneno mengine ya njia ile nayo yamepanda vyeo. Posho, kile kibaba cha nafaka, sasa ni fedha anayolipwa mbunge au ofisa akisafiri au akihudhuria kikao.

Watu wenyewe pia wapo. Nenda lango la Machame asubuhi, uwatazame vijana wanaobeba mizigo ya wapanda Kilimanjaro, wale wanaojiita wagumu. Wanapanga foleni kwenye mzani, kwa kuwa kanuni haimruhusu mtu kubeba zaidi ya kilo 20 za mzigo wa mgeni. Imepunguza kilo 12 kutoka frasila mbili za babu zao. Mahema, majiko, viti, mayai kwenye trei. Kiongozi mbele, wao nyuma kwa mstari, wanaingia msituni. Katika vipeperushi vya Kiingereza mwendo huo hauitwi safari. Huitwa trek, neno la Makaburu wa Afrika Kusini waliokokotwa na maksai. Safari, kwa vipeperushi hivyo, ni siku tatu zinazofuata, mgeni akishateremka mlimani na kuketi ndani ya gari.

Nilimsogelea mmoja aliyekuwa akikaza kamba ya fuko lake, kijana wa miaka kama ishirini na miwili, kilo zake zimekwisha kupimwa. Nikamuuliza amepanda mara ngapi mwaka huu. Akalinyanyua fuko, akalitua juu ya shingo, akaliweka sawa kwa mkono mmoja.

"Hii ni safari ya saba, kaka," akasema, akawafuata wenzake.